Siku Baba Aliposhika Kipaza Sauti

Kwenye sherehe za kwetu, kabla watu hawajala, lazima familia itambulishwe. Baba, mwalimu mstaafu, hutupanga mstari na kushika kipaza sauti: "Huyu ni nesi. Huyu ni mhandisi." Akinifikia mimi, kitindamimba, alikuwa anasema, "Na huyu bado anasoma," kisha anawageukia wajomba haraka haraka. Nilikuwa nimeshamaliza chuo, nina shahada ya uchumi, eti bado nasoma! Hasira zilinipanda kila mara, na kwa hasira mimi sijambo.

"Baba, kwa nini husemi mimi ni mchumi?" nilimuuliza siku moja nyumbani Pasiansi.

"Wakiniuliza mchumi anafanya nini, nijibu nini? Nesi yuko hospitali. Mwalimu yuko shuleni. Wewe, mwanangu, watu wakutafute wapi?"

Hata mimi nilikuwa najitafuta. Wenzangu wa chuo walishatawanyika: benki, kodi, takwimu, bima, mmoja anauza mitumba mtandaoni na anatucheka wote. Hatimaye nilipata kazi ng'ambo ya ghuba, Sengerema, mchumi kwenye ofisi ya mipango. Nilichotaka sasa kilikuwa kimoja tu: baba alitamke lile neno mbele ya watu.

Kazi yangu ya kwanza ilihusu mwalo mmoja, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Wanawake walianika dagaa mchangani. Mvua ikinyesha dagaa wanaoza, na wanaopona, wamejaa mchanga, wanauzwa kuwa chakula cha kuku. Wakubwa walitaka kujenga geti zuri la kukusanyia ushuru. Nikapiga hesabu, nikasimama kikaoni, nikabisha mpaka sauti ikakauka: jengeni vichanja kwanza, dagaa wakaukie juu, waliwe na watu, geti litajengwa kwa faida. Vichanja vikajengwa. Masika yalipofika, dagaa wa mwalo ule wakawa wanagombewa sokoni Kirumba. Sijawahi kutembea kwa maringo kama wiki ile.

Baba aliyasikia hayo kwenye kivuko, akiniletea ndizi. Akina mama wa dagaa walikuwa wanasimulia habari za yule binti mbishi wa mipango. Alipofika akaomba nimpeleke mwaloni, akavikagua vichanja kimoja kimoja kama anasahihisha madaftari. Kisha akauliza kivuko cha kurudi kinaondoka saa ngapi. Nikanuna mpaka alipoondoka.

Ikaja harusi ya binamu yangu. Tukapangwa mstari kama kawaida. Nesi akapita, mhandisi akapita. Baba akanishika bega.

"Huyu ni mchumi," akasema. "Na msijisumbue kuuliza anafanya nini, maana nawaeleza sasa hivi."

Akaanza na mchanga, akaja kwenye mvua, kuku, vichanja. Vigelegele vikajaa ukumbini. Pilau lilikuwa linapoa, mimi nalia huku nacheka, poda yote imekwisha usoni. Mshereheshaji akanyoosha mkono kuomba kipaza sauti. Baba akampa mgongo, akaendelea.