Gitaa la Baba Haliendi Ukutani

Siku ya kugawana vitu vya marehemu baba yao, kaka mtu ndiye aliyekamata usukani. Alikuwa mwalimu wa muziki, ana chuo chake cha vyumba vitatu, na mdomo uliozoea kusikilizwa. Saa ya mezani akampa mama, masanduku ya nguo akasema yagawiwe majirani, kisha akaliinua gitaa.

"Hili nalipeleka chuoni. Nitalitengenezea sanduku la kioo, nilitundike pale mapokezi. Kila aingiaye ajue tumetoka wapi."

Dada mtu alihisi damu ikimpanda kichwani. Yeye alikuwa fundi cherehani mwenye miaka hamsini na mmoja, na wenzake kiwandani walimwita Pindo kwa sababu pindo zake hazikuwahi kufumuka.

"Na humo ndani ya kioo litapigwa na nani?" akauliza.

"Halipigwi. Ni kumbukumbu."

"Basi nipeni mimi. Mimi nitalipiga."

Kaka alicheka kicheko cha mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Wewe? Samaki mkunje angali mbichi, mdogo wangu."

"Mimi si samaki, kaka."

Tuseme ukweli: baba yao alimfundisha gitaa mtoto wa kiume tu. Mtoto wa kike alikuwa nyuma ya mlango akipiga pasi sare za shule za wote wawili. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwita. Kijana mwenyewe alilitupa gitaa mara tu aliponunuliwa kinanda, lakini nyimbo zile zilikuwa zimeshamwingia msichana kupitia mlangoni, na hazikutoka tena. Leo aambiwe atalitazama kupitia kioo! Lilimkata maini.

Mama yao, aliyemwogopa mwanawe kuliko alivyowahi kumwogopa mumewe, akapita katikati. Binti akae nalo miezi mitatu. Ikiisha wakutane chuoni, kaka apige kinanda na dada amfuate kwa gitaa, bila wimbo wa kukariri. Akiweza, lake. Akishindwa, kioo.

Pindo alianza kesho yake, saa ya chakula cha mchana, kiwandani. Hakuwa na kinanda wala kifaa cha kupimia sauti. Alichokuwa nacho ni mota ya cherehani yake, ambayo ukiiacha imewashwa inanguruma hata kama hujagusa pedali. Alikuwa amekaa na ngurumo hiyo miaka ishirini na miwili. Ikibadilika kidogo tu, alimwita fundi wa mashine kabla uzi haujakatika. Kwa hiyo akaukaza uzi mnene wa gitaa mpaka ukaenda sambamba na mota, na ule mtetemo wa sauti mbili zinazogombana ukatulia. Nyuzi nyingine akazipanga kwa kuufuata huo, jinsi alivyozikumbuka kutoka nyuma ya mlango.

Alianza na uzi mmoja na sauti tatu. Anaimba kwanza mdomoni, kisha anaitafuta kwa kidole. Mpiga pasi, shoga yake wa siku nyingi, alivumilia wiki nzima.

"Shoga, huo ni muziki au unapasua kuni?"

"Kula chakula chako."

"Nitakulaje? Ndizi yenyewe imeogopa."

Wiki ya tatu vidole vilikuwa vinakwenda, lakini kila akikosea alisimama na kuanza upya, na kila akianza upya alikosea palepale. Ni mpiga pasi aliyemtoa kwenye shimo hilo, tena kwa hasira. "Hivi wewe mkasi ukikuponyoka ukakata mkono wa kushoto wa blauzi, unafanyaje?"

"Nakata na wa kulia vilevile. Mteja anaita mtindo."

"Sasa?"

Pindo akaliinua gitaa tena. Tangu siku ile, sauti ikimtoka ovyo aliirudia mara ya pili kwa makusudi, kisha akatafuta njia ya kutokea hapo alipo. Hakusimama tena. Mwezi wa tatu alikuwa anaifumia mota nyimbo ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia, hata yeye mwenyewe, na mpiga pasi akawa anachelewa kurudi kwenye meza yake.

Siku ikafika. Chumba cha mazoezi cha chuo kilinukia rangi mpya. Mama alikaa karibu na dirisha, mkoba mapajani. Kaka akafungua kinanda, akapiga mwendo wa taratibu, akampa ishara kwa kidevu.

Pindo aliingia, na meno yakawauma wote watatu. Sauti ya gitaa ilikuwa chini kidogo ya ile ya kinanda, si kwa noti, si kwa nusu noti, ni kwa kiasi kile kinachotosha kuharibu kila kitu. Kaka akanyanyua mikono.

"Ulilipanga kwa kutumia nini hilo?"

"Kwa mota ya cherehani yangu."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Mama, umesikia? Mota! Haya, lete nikupangie."

"Usiliguse."

"Dada, huwezi kupiga hivyo."

"Nimesema usiliguse."

Angeweza kuzikaza nyuzi mwenyewe. Dakika mbili tu. Lakini alikiona kile kicheko, na moyo ukakataa kusogea hata kwa upana wa sindano moja. Ukaidi? Ndiyo, ulikuwa ukaidi, na mimi simwombei radhi.

"Piga," akasema.

"Hakuna maana ya—"

"Piga kinanda, wewe!" Alikuwa mama. Hata yeye alionekana kushtushwa na sauti yake. "Umesema miaka yote. Sasa piga."

Kaka akapiga. Safari hii Pindo hakukimbilia. Alisikiliza pengo lile la kati, kama anavyopima vitambaa viwili visivyolingana. Fundi hakikati kile kirefu. Anakivuta kile kifupi kwa kidole gumba, polepole, mpaka vifikiane. Akabonyeza uzi, kisha akausukuma pembeni, sauti ikapanda, ikapanda, ikamkuta kaka yake pale alipo. Akaishika hapo. Akaiacha, akaendea nyingine, nayo akaivuta. Kila sauti ilianza ikiwa imepungua na ikafika kwa nguvu za mkono wake. Iliumiza, na hakujali.

Kaka alibadilisha ufunguo, akauhamishia wimbo kwenye sauti ya juu zaidi bila kusema, kwa hila. Pindo akaangukia sauti mbaya. Akairudia, kwa nguvu zaidi, kana kwamba alikuwa akiielekea tangu asubuhi, kisha akatokea upande wa pili. Kaka akabadilisha tena. Akamfuata tena. Mara ya tatu ni kaka aliyepotea, akakaa sekunde kadhaa akitafuta vidole vyake, na dada akaendelea peke yake, hakumngojea.

Walipomaliza, kaka alifuta miwani kwa muda mrefu.

"Masikio unayo, sikatai. Lakini hujui jina la noti hata moja uliyoipiga."

"Sijui."

"Na ule mvuto wako, kwa kweli, si sahihi. Nisingemruhusu mwanafunzi wangu kupiga hivyo." Akamgeukia mama. "Nadhani tukae kama familia, tulijadili."

Mama akafungua mdomo, lakini Pindo alikuwa ameshasimama, gitaa begani.

"Jadilini," akasema. "Mimi naondoka nalo."

Akatoka kupitia mapokezi. Ukutani palikuwa na misumari miwili, imeshapigiliwa, inangoja. Aliishika mmoja mmoja kwa vidole vilivyochubuka, akaitikisa mpaka ikatoka, akaiweka juu ya meza ya mapokezi, akaenda zake.