Walisema Mume Wangu Anatembea na Mwikali

Kabla sijaugua nilikuwa mtu wa kukaa. Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule Kawangware katika kibanda cha mabati karibu na soko, na nyumbani ni Kianda, Kibera. Asubuhi nilikaa kwenye matatu, mchana nikakaa kwenye cherehani, jioni nikakaa tena kwenye matatu, na nikifika nyumbani nikakaa kwenye kochi na sahani ya ugali. Zamani cherehani yangu ilikuwa ya kukanyaga, miguu ikifanya kazi kutwa. Kisha nikaitia mota. Nikaringa sana, kwa sababu katika laini yetu ya mafundi mimi ndiye niliyetangulia kuwa na mota. Tangu siku hiyo miguu yangu ilikuwa na kazi moja tu, kuvaa sapatu.

Nikanenepa. Watu wakaniambia nimependeza, wakamsifu Baba Ndinda kwamba ananitunza. Baba Ndinda ni mume wangu, Muthama, seremala, naye pia kazi yake iko Kawangware. Jina langu ni Kalekye, lakini tangu tumzae Ndinda hakuna mtu wa Kianda anayelitumia.

Kuna jambo jingine lazima ulijue, maana bila hilo ushuhuda huu haufiki popote. Mimi nina wivu, na sisemi kwa kujuta. Muthama akichelewa kwa kinyozi, mimi nauliza kinyozi ni mwanamume au mwanamke. Na katika ploti yetu, zile nyumba za kupanga tunamokaa, anaishi Mwikali, mjane wa kutoka Kitui, anayelea watoto watatu kwa kufulia watu nguo upande wa Lavington. Huenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Hupandisha mtungi wa maji ngazini bila kuutua, simu ameibana sikioni, anacheka. Siku moja Muthama alimwona akipita hivyo akasema, "Huyu mama ako na nguvu, aisee." Basi, ni hayo tu. Lakini mimi niliyaweka moyoni nikayafungia. Kiuno cha Mwikali kikaanza kunikera. Raba zake zikanikera. Hata kicheko chake kilikuwa kikinipandisha hasira nikiwa ndani, mlango umefungwa.

Ugonjwa ulianza na kiu. Nilikunywa maji, nikanywa soda nikidhani nimepungukiwa na nguvu, na koo likabaki kavu. Mkojo nao ukawa haunipi nafasi. Choo cha ploti yetu kiko chini, ng'ambo ya ua, kwa hiyo nikaanza kuweka ndoo chumbani. Asubuhi nilikuta sisimizi wamejaa ukingoni mwa ile ndoo. Muthama aliwaona, akanitazama, nami nikajifanya natafuta leso. Nikawashwa sehemu za siri na sikumwambia mtu. Kisha yakaja macho. Uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Nilibadilisha sindano. Nikalamba uzi, nikaukata upya, nikalamba tena. Mwishowe nikawa namwomba fundi wa jirani anitilie, huku nikimwambia kwamba taa yangu ndiyo mbaya.

Kilichonipeleka kwa daktari ni pini. Jioni moja nilivua sapatu, Muthama akaona damu sakafuni. Pini ya kushikia kitambaa ilikuwa imezama kwenye unyayo wangu mpaka kichwa, na nilikuwa nimekaa nayo sijui tangu saa ngapi.

"Huskii uchungu?" akaniuliza.

"Sisikii kitu."

Aliichomoa kwa koleo yake ya kazi. Kesho yake akanipeleka zahanati mwenyewe.

Kwenye zahanati tulimkuta daktari msichana, mpole, asiyezungusha maneno. Alinipima akaniambia, "Mama, hii ni sukari, na iko juu sana. Ikikaa hivi, macho itaenda. Halafu miguu." Fundi asiyeona uzi ni nini? Nilijiuliza hivyo nikiwa pale kwenye kiti, na machozi yakanitoka. Akanipa dawa. Akasema nipunguze ugali, niache soda, nivae viatu vya kufunika vidole, na nyayo zangu ziangaliwe kila jioni. Kisha akaongeza, "Na utembee."

"Nitembee saa ngapi, daktari? Jumatatu mpaka Jumamosi niko kwa cherehani. Jumapili ni kanisa na kufua."

"Unaishi wapi, unafanya kazi wapi?"

"Kianda. Kazi ni Kawangware."

"Sasa si dawa ndiyo hiyo njia? Tafuta tu mtu wa kutembea naye."

Muthama alikuwa kando yangu, kofia mapajani. Alisikia yote.

Dawa nilimeza. Kutembea nilikataa. Kwetu mtu mzima akionekana anaenda kazini kwa miguu, watu wanajua amekosa nauli. Mimi mwenye mota nipite mbele ya stage ya matatu na vumbi miguuni, wale makanga walionizoea wanione hivyo? Nikamwambia Muthama nitaanza shule zikifungwa. Zilipofungwa nikasema nina sare za muhula ujao. Na uzi bado haukuingia kwenye sindano.

Hapo ndipo Mama Kevo aliponiita. Mama Kevo ni msusi, kibanda chake kiko mlangoni mwa ploti yetu, na hakuna kinachompita.

"Mama Ndinda, mimi sipendi maneno. Unanijua. Lakini mzee wako siku hizi anatembea na Mwikali."

Mtu mzima akiambiwa hivyo hafikirii miguu.

Niliona kila kitu kwa mara moja. Nikaona kaburi langu huko kwetu Machakos, majani yameota. Nikaona Mwikali ameketi kwenye cherehani yangu, mota yangu inaunguruma, na yeye anatia uzi mara moja tu, bila hata kukunja uso. Ndinda anamwita mama. Mimi macho yananipotea, na mwenzangu anasubiri kiti kipoe! Nikaapa kwamba sitakufa. Sikuapa kwa sababu ya daktari, wala kwa sababu ya maombi ya kanisani, na Mungu anisamehe. Niliapa kwa sababu ya Mwikali.

Muthama sikumuuliza. Ningemuuliza angekana, na mimi nilitaka kuwafumania. Yeye hutoka nyumbani alfajiri, mimi hutoka baadaye. Kesho yake alipofunga mlango tu, nikajitanda leso, nikamwachia Ndinda kazi ya kuwaandaa wadogo zake, nikamfuata. Na kweli, Mwikali alikuwa anamngoja pale barabarani, raba zake miguuni. Wakaondoka pamoja. Wakapita Ayany, wakatokea Ngong Road, na mimi nyuma yao, nikijificha nyuma ya vibanda vya chai na migongo ya watu. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye sidiria. Pumzi ilinikatika, mapaja yakasuguana yakachubuka. Kila nilipotaka kurudi, nilimsikia Mwikali akicheka huko mbele, nami nikapata nguvu mpya.

Walipofika Kawangware waliagana. Yeye akashika njia ya Lavington, Muthama akaingia karakana. Hawakushikana hata mkono. Nikasema hawa ni wajanja.

Kwa hiyo nikawafuata siku iliyofuata, na iliyofuata. Jioni nao walirudi kwa miguu, nami nikafunga kibanda mapema kidogo ili wasinipotee. Malengelenge yaliniota nyayoni. Jioni Muthama alipokuwa akiniangalia nyayo kwa tochi ya simu, kama daktari alivyoagiza, niliogopa ataniuliza. Alisema tu, "Nunua raba." Nikaenda kununua za mtumba, nzuri, za kijani. Usidhani nilizinunua kwa ajili ya sukari. Nilizinunua ili niwakaribie, nisikie wanachosema.

Hata Jumamosi niliwafuata. Ngong Road nikaijua yote, mahali pa matope, mahali pa mbwa, mahali ambapo boda boda hupanda njia ya miguu kukanyaga watu. Nikaacha kuhema nikifika Dagoretti Corner. Kiu ikapungua, ila wivu ulikuwa umenijaa kiasi kwamba sikuona kiu ilipoondoka. Soda niliacha kwa sababu ilinipa uzito na kunichelewesha.

Baada ya wiki kadhaa nikarudi kwa daktari. Akapima, akatazama kile kipimo, akapima tena.

"Mama, imeshuka! Umekuwa ukifanya nini?"

"Namfuata bwanangu."

Akadhani ni mzaha, akacheka. "Basi endelea kumfuata. Na dawa usiache."

Siku iliyofuata nilitoka nikiwa na nguvu nilizozisahau tangu nilipokuwa msichana. Karibu na Dagoretti Corner, watu walikuwa wengi, na bila kukusudia nikajikuta niko nyuma yao kabisa, karibu kuwagusa. Nikasikia sauti ya Mwikali.

"Baba Ndinda, punguza mwendo. Leo simskii nyuma. Labda amechoka."

Muthama akamjibu, "Usigeuke. Akijua tunajua, atapanda matatu."

Nilisimama. Mwanamume aliyekuwa nyuma yangu na mkokoteni akanipigia kelele nitoke njiani.

"Kumbe mnanijua!"

Wakageuka wote wawili. Mwikali akaziba mdomo kwa mkono. Muthama alinitazama kuanzia kwenye raba za kijani mpaka usoni, na nikaona anataka kucheka na anaogopa kucheka.

"Unatembea na Mwikali!" nikapiga kelele, watu wakasimama kutusikiliza.

"Ndiyo, natembea na yeye. Si unaona tunatembea?"

"Mama Kevo aliniambia!"

"Mimi ndiye nilimtuma. Nilimwambia akuambie natembea na Mwikali. Kuna uongo hapo?"

Akanisogelea, akapunguza sauti. "Daktari alisema utafute mtu wa kutembea naye. Nikamwomba Mwikali atembee na wewe. Akasema wewe humpendi, hata salamu unaitikia ukiangalia ukuta. Sasa ningefanya nini, Kalekye? Ningekubembeleza ungekubali? Mimi nilitoa ile pini kwa mguu yako. Wewe hukuskia, lakini mimi niliskia."

Hakuwa ameniita Kalekye kwa miaka mingi. Nililia pale barabarani, na nikiwa nalia nilikuwa bado namwonea wivu Mwikali, kwa sababu walikuwa na siri, na siri hiyo ilikuwa mimi. Mwikali akanipa leso yake. Nikaichukua, nikajipangusa, kisha nikapita katikati yao, yeye kulia, Muthama kushoto. Hivyo ndivyo tulivyotembea mpaka Kawangware.

Siku moja baadaye, sikumbuki ilikuwa siku gani, uzi uliingia. Nilikuwa nimeuelekeza tu kwa mazoea kabla ya kumwita jirani, na ukapita. Nikautoa. Nikautia tena. Nikaendelea hivyo hadi mteja akaniuliza kama sketi ya mtoto wake itaisha leo.

Sukari haijaondoka. Daktari ameniambia nitaishi nayo, na dawa nameza kila siku. Lakini miguu yangu inasikia. Nikikanyaga kokoto napiga kelele, na nafurahi kupiga kelele. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na namshukuru Muthama kwa ujanja wake. Mwikali pia namshukuru, ingawa kiuno chake bado kinanikera na sina mpango wa kukizoea.

Nawe unayesoma hapa, ukisema wiki yako imejaa, nakuelewa, yangu pia imejaa. Sikupata hata saa moja ya ziada. Nilichofanya ni kuchukua ile njia niliyokuwa nikiipita nimeketi, nikaipita nimesimama. Mota nimeifungua kutoka kwenye cherehani, naiweka tu wakati shule zinafunguliwa na kazi inanizidi. Siku nyingine zote nakanyaga. Vaa viatu vya kufunika vidole, pata mtu akuangalie nyayo, na kiu isiyoisha usiinyamazie kama nilivyoinyamazia mimi. Na kama huna hamu ya kutembea, jitafutie sababu, hata iwe mbaya.

Muthama mwenyewe, mpango wake ulipofaulu, alilegea. Siku hizi pikapu ya kubeba mbao humpitia asubuhi na kumrudisha jioni. Tumbo limeanza kusukuma vifungo vya shati, na mimi ndiye ninayevihamisha. Juzi alipanda ngazi akasimama katikati kupumua, akisema anaangalia mawingu. Nilimwambia atembee. Akasema kazi ni nyingi.

Nikaenda kwa Mama Kevo. Nikamwambia, "Mwambie Baba Ndinda kwamba mke wake siku hizi anatembea na mtu wa Lavington. Usiongeze hata neno moja."

Mama Kevo alijua Mwikali hufua Lavington, akacheka mpaka kitana kikamwanguka.

Mama Kevo anasema jana asubuhi pikapu ilipiga honi nje ya ploti kwa muda mrefu, ikaondoka. Mimi na Mwikali tulikuwa tumeshafika Ngong Road. Karibu na Dagoretti Corner nikasikia kikohozi ninachokijua, mbali kidogo nyuma yetu, na viatu vizito vya seremala vikijikokota. Mwikali akataka kuangalia. Nikamshika mkono.

"Usigeuke," nikamwambia. "Punguza mwendo."