Nilivyoliketisha Tarumbeta la Besi Kiti cha Mbele

Jamani, naandika huku uso unanichemka, maana mpaka leo nikipita karibu na ule ukumbi wa Njiro nainamisha kichwa nikiomba mlinzi awe amenisahau (hajanisahau, juzi kaniuliza, "Dada, ng'ombe wako hajambo?").

Ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga dada yangu Ndeshi kabla ya harusi yake. Sisi ni Wameru, bwana harusi kwao Kilimanjaro, na baba alishapanga bendi ya matarumbeta ya usharika wetu imsindikize Ndeshi kuingia ukumbini, kama ilivyo kawaida. Mimi sasa, kwa kimbelembele changu, nikamwambia bendi ya nini zama hizi, nina okestra nzima ndani ya kompyuta, fidla, filimbi, ngoma, kila kitu, nitatengeneza ule wimbo wa shukrani anaoupenda Koko (bibi yetu) na wakwe watabaki midomo wazi.

Baba akaniangalia. "Mama, una uhakika?"

"Baba, niamini."

Bendi ikaambiwa isije.

Sasa kuna programu moja ya mwangwi, inakuonyesha ukumbi mtupu kwenye skrini na kila ala ni kidoti tu, unakiburuta unakiweka unapotaka. Kikiwa mbele kinasikika kama kiko mapajani mwako, ukikirudisha nyuma sauti inapungua na mwangwi unakimeza. Ilitakiwa nitulie nisikilize ala moja moja, nipandishe hii, nishushe ile, lakini mimi na subira tuligombana tangu utotoni. Nikajiambia, kwani kwenye shughuli za kwetu watu wanakaaje? Wazee mbele, vijana nyuma! Basi tarumbeta kubwa la besi, mzee mwenye sauti nzito, nikaliketisha mbele kabisa, ngoma kubwa ubavuni kwake, halafu fidla na filimbi (ambazo ndizo zenye wimbo wenyewe, jamani!) nikazisukumia nyuma kama wasichana wa kugawa soda. Na hedifoni zangu za bei chee hazitoi besi vizuri, kwa hiyo nikaona mzee hasikiki, nikampandisha sauti. Nikampandisha tena. Tamu!

Rafiki yangu Elia, aliyeniazima kompyuta, akanionya, "Ijaribu kwanza kwenye spika kubwa."

Nikamjibu, "Elia, acha wivu."

Siku yenyewe ukumbi umejaa, wakwe wamekaa na suti zao, Ndeshi yuko mlangoni kang'ara kama nini, MC anapaza sauti, "Muziki, tafadhali!" Fundi wa spika akabonyeza.

BUUU. BUUU. Bu-bu-BUUU.

Glasi zikatetemeka mezani. Wimbo hakuna! Fidla zangu huko nyuma zinalia kama mbu ndani ya pipa, na mwangwi wa programu ukakutana na mwangwi wa ukumbi wenyewe, ikawa vurugu tupu. MC naye hana huruma: "Wakwe zetu, yule ng'ombe wa mahari mliyembakiza amekuja mwenyewe!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mama mmoja wa upande wao akainama kuchungulia chini ya meza (nadhani alikuwa anatania, ila sina hakika).

Mimi nilikuwa namwangalia Ndeshi tu. Kasimama pale mlangoni, mguu mmoja mbele, hajui aanze lini, macho yananitafuta na yameshaanza kulengwalengwa na machozi. Siku yake moja, na mimi ndiye niliyeizuia bendi. Fundi akaniuliza, "Nizime?" Nikafungua mdomo nimwambie azime.

"Msizime!" Ni Koko huyo, anatikisa kichwa kwa kufuata mapigo. "Huo si ndio wimbo wangu?"

Kumbe Koko kakulia kwenye kwaya, na ile besi kaisikia kwa matarumbeta ya kanisani maisha yake yote. Akainuka, akafunga kanga vizuri kiunoni, akauanzisha wimbo kwa Kimeru juu ya ile BUUU yangu. Akina mama wa kwetu wakamdaka, wakwe nao wakaingia kwa Kichaga, maana wimbo ule kila usharika unaujua, vigelegele vikapasuka, na Ndeshi akacheka na machozi yake mashavuni akaanza kutembea, BUUU mguu wa kushoto, BUUU mguu wa kulia, watu wazima na suti zao wamesimama wanacheza. Hata mimi niliimba, nikilia na kucheka kwa wakati mmoja.

Baadaye baba akaniinamia sikioni. "Okestra nzuri sana, mama. Ila harusini naita bendi."

Na aliita kweli.

Tangu hapo nimeapa sipeleki muziki mbele za watu kabla sijausikiliza kwenye spika kubwa, na Elia akiwa pembeni, hata kama atanicheka. Kile kidoti cha besi nimekirudisha nyuma kabisa, ukutani, sauti nimeishusha, na hakitoki huko. Ila Koko asijue, maana kila Jumapili tukitoka ibadani ananiuliza kama yule mzee wake wa besi bado kakaa mbele.