Nyota Ndogo Haikumla Mwenzake

Lile neno nililileta mimi nyumbani. Nianze hapo, maana watu wananihurumia kana kwamba liliingia lenyewe kama panya.

Tuliishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na binti zangu walikuwa na mwaka na miezi miwili. Ni mapacha, sisi wa Kivu, Kongo, tunasema mapasa, na ukishawazaa jina lako la zamani linakufa, unabaki Mama Mapasa mpaka uzikwe. Wa kwanza alitoka mnene, wa pili mdogo kama kiatu. Kitanda kimoja hakikututosha, basi mama mkwe wangu akamchukua yule mkubwa siku ya kwanza kabisa, akasema huyu ni wangu, akawa analala naye. Mimi nikabaki na mdogo. Mume wangu alikuwa Kikagate, mpakani, akipakia ndizi za watu, na nyumbani alionekana kama mgeni.

Baada ya kutimiza mwaka, mambo yakageuka. Mkubwa akaanza kupungua. Alikohoa, alilowa jasho hata asubuhi ya baridi, mashavu yakaisha. Mdogo naye hakurefuka, lakini alikuwa mzito ajabu. Ukimbeba mgongoni unahisi mkanda wa kitenge unakukata.

"Huyu mutoto amemeza jiwe," mama mkwe alisema, na wakati ule tulicheka wote.

Siku moja nilikuwa kwenye bomba, bidoni yangu, dumu la maji, ya saba kwenye foleni, mkubwa kifuani, mdogo mgongoni. Mwanamke mmoja anayeongoza chumba cha maombi cha kijiji chetu akawatazama kwa zamu.

"Mama Mapasa, huyu mudogo iko na nini mu mwili? Mwenziye anaisha, yeye anaongezeka."

Ningenyamaza. Lakini mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, na pale bombani elimu yangu haikuwa na kazi nyingine. Nikawaambia habari ya nyota.

Nilifundishwa na mwalimu wetu wa fizikia, mkimbizi kama sisi, mtu wa Uvira. Kipindi cha mwisho cha Ijumaa alikuwa anafunga kitabu na kutufundisha alichopenda yeye. Siku ile alichora ubaoni duara kubwa, chaki ikakaribia kuisha, kisha pembeni akaweka nukta. Akasema hizi ni nyota mbili zinazozungukana maisha yao yote. Hii nukta zamani ilikuwa nyota kubwa sana. Ikaumaliza moto wake, ikaanguka ndani yake yenyewe, ikalipuka, na kilichobaki upana wake ungekaa kati ya shule yetu na Kabingo, kilomita kama ishirini, lakini uzito wake unalishinda jua. Kijiko chake kimoja ni mlima. Inaitwa nyota ya nyutroni.

Mwenzake bado ana gesi nyingi, na gesi hiyo inavutwa kwenda kwenye ile nukta. Haianguki moja kwa moja. Inazunguka na kuzunguka, kama maji yanayoingia kwenye faneli, na katika kuzunguka inasuguana.

"Musugue mikono!" alituambia. Darasa zima tukasugua mpaka viganja vikaungua. "Sasa hiyo gesi inasuguana mpaka joto linafika digrii mamilioni. Na joto kama lile mwanga wake si wa macho. Linatoa eksirei."

Akasema hata hizo eksirei za nyota hazifiki chini, hewa yetu inazizuia, ndiyo maana watu walilazimika kupeleka vyombo juu ya hewa ndipo wakazigundua. Sisi tukitazama tunaona nyota moja imetulia, au hatuoni chochote. Yanayoendelea ndani ya nyumba ile hatuyajui.

Msichana wa nyuma akauliza, "Mwalimu, kumbe iyo ndogo inakula mwenziye?"

Kengele ililia. Mwalimu alikuwa anafuta ubao. Akacheka, akasema, "Ndiyo. Tuseme inamukula."

Hiyo ndiyo sentensi niliyoitoa bombani, nikicheka, nikijisikia msomi. Inamla mwenzake, na yeye anabaki mdogo vilevile, ila mzito.

Hakuna aliyecheka nami. Kwetu kula si kazi ya mdomo tu. Kijana akifa, swali la kwanza matangani ni nani amemla. Nilijua hivyo tangu nilipokuwa mtoto, na bado nilisema. Yule mwanamke wa maombi akaweka kifuniko kwenye bidoni yake polepole.

"Umesema weye mwenyewe," alisema.

Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imenitangulia. Mama mkwe alikuwa amemketisha mkubwa mapajani na amemfunika kichwa. Mdogo alipotambaa kwenda kwake, alivuta miguu yake ndani. Tendo dogo tu. Sijalisahau.

Jumanne walikuja watatu, wamevaa vitambaa vyeupe vya maombi, wakaketi kwenye mkeka wangu.

"Tutamuchukua mudogo siku ya posho, asubuhi," alisema kiongozi wao. Siku ya posho, ya kugawiwa chakula kambini, ni Jumamosi. "Siku tatu tu mu chumba ya sala. Hatutamupiga. Atafunga tu."

"Mutoto wa mwaka moja asikule siku tatu?"

"Kile chenye kiko ndani yake ndicho kinakula. Tukikinyima, kinatoka."

"Basi mufunge nyinyi," nikasema. "Weye hasa, uko na akiba mingi."

Mmoja wao alikohoa ili asicheke. Kiongozi hakuudhika, na hilo lilinichoma zaidi. Alinishika mkono akaniambia, "Mama, nakuonea huruma. Utabaki bila hata mumoja." Na alimaanisha. Ningemwelewa haraka zaidi kama angekuwa mchawi wa hadithi, mwenye macho mekundu. Alikuwa jirani aliyenichotea maji nilipojifungua.

Jumatano nilimpeleka mkubwa kliniki ya kambini. Muuguzi alisikiliza kifua, akaandika karatasi: hospitali ya Mbarara, eksirei, haraka. Nikarudi mbio nikijua nimepata njia. Nikamwambia mama mkwe Ijumaa tunakwenda kupiga eksirei.

Alisimama. "Eksirei? Ile yenye inatoka kule fasi nyota inakula mwenziye? Unataka bamutie iyo mu kifua?"

"Mama, ni picha tu."

"Hapana. Huyu ni wangu, haendi. Kwanza mudogo aombewe."

Bila yeye singeweza kwenda. Mkubwa alimng'ang'ania yeye, na kumnyang'anya mwanamke mzee mtoto mbele ya majirani, mimi, mke wa mwanawe, lingekuwa neno la kijiji kizima. Alhamisi, nikiwa na hasira ya kuvunja vyungu, nikaenda kumtafuta mwalimu. Nilimkuta akipalilia maharage yake. Nikamwaga yote hata kabla ya salamu. Alisikiliza akiegemea jembe. Nilipofika kwenye neno "kula", akafumba macho.

"Neno lilikuwa la uongo," alisema. "Nilikuwa nimechoka. Nilichukua neno la karibu."

Akachuchumaa, akachora tena zile nyota mbili kwenye udongo kwa kidole. Akasema kila nyota ina mpaka wake. Ile kubwa ikizeeka inavimba yenyewe, kwa sababu ya mambo ya ndani mwake. Ikivimba kupita mpaka, inafurika kama maziwa kwenye sufuria, na kinachomwagika kinaangukia kwa aliye karibu.

"Iyo ndogo haina mudomo, mwanangu. Haikosei kitu. Iko pale tu, nzito, na kitu kinaiangukia. Na eksirei si meno. Eksirei ndiyo ilitusaidia kujua kwamba kuna kitu pale. Bila iyo tungebahatisha mpaka leo."

Nikamuuliza nitamwelezaje mama mkwe. Akanishangaa.

"Yeye si mutu wa Uvira? Mwambie radio."

Nilitaka kujipiga kofi. Radio! Wazee wetu waliotibiwa kule kwetu picha ya kifua wanaiita radio, neno la Kifaransa walilopewa na Wabelgiji. Mimi nililelewa Uganda, nikajifunza eksirei, na kwangu radio ilikuwa ya kusikilizia habari.

"Mama," nilimwambia jioni ile, "wanataka kumpiga radio."

"Radio ya kifua?"

"Ya kifua."

"Sasa juu ya nini hukusema tangu jana? Miye nilipigwa radio Uvira nikiwa musichana! Unasimama kwenye bati ya baridi, wanakuambia usipumue." Alikuwa tayari anatafuta kitenge chake kizuri. Kisha akageuka. "Lakini bapige wote wawili. Mapasa hawatengwi. Ukimupa mumoja, unamupa na mwenziye."

Mwanamke huyohuyo alikuwa tayari kumtoa mdogo peke yake Jumamosi. Nilimeza hilo jibu. Nilihitaji tufike Mbarara.

Pale hospitalini mtu wa mashine, Mnyankore mpole, alimpiga mkubwa picha. Kisha mama mkwe akamsukuma mdogo mbele.

"Hapana, mama," yule mtu alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Huyu hapana na karatasi. Huyu iko mzima."

"Ni pasa!"

"Mama, mashine si ya kuchezea. Inachoma mtoto bure."

Mama mkwe akaketi sakafuni mlangoni, na foleni yote ikasimama. Yule mtu alinitazama, nikatazama dari. Mwishowe aliingia ndani akarudi na filamu iliyoharibika, nyeusi tupu, akampa mdogo mkononi. "Haya. Na yeye amepata." Mdogo akaitia mdomoni. Mama mkwe akainuka, ameridhika.

Daktari aliinua picha ya mkubwa dirishani. Upande mmoja wa kifua kulikuwa na doa jeupe kama ukungu wa ziwa letu asubuhi. Aliniambia kwa Kiingereza ni kifua kikuu, kinatibika, dawa ni miezi kadhaa, tusikatize hata siku moja. Kisha akauliza, "Nani anakohoa nyumbani?"

Shingo yangu iligeuka kabla hajamaliza.

Mama mkwe alikuwa anakohoa tangu kiangazi. Alikuwa anasema ni vumbi la Nakivale. Na kila usiku mkubwa alilala uso kwa uso naye, pumzi kwa pumzi, kwa sababu alimpenda kuliko kitu chochote duniani.

Daktari akafuata macho yangu, akasema, "Mweleze. Mtoto ameupata ugonjwa kwake."

Sasa nikawa nalo lile neno mdomoni, limeiva. Ningemwambia: ni wewe. Ulimwita mwanangu mlaji, ukamkunjia miguu, kumbe mlaji ni wewe. Ningerudi nalo Nakivale, na hata yeye mwenyewe angeliamini. Sitaki kudanganya kwamba nilikuwa mwema. Nilikuwa na hamu ya kulitema.

Nikamtazama. Alikuwa anamfunga mkubwa kitambaa shingoni, vidole vikitafuta fundo. Huyu mwanamke alizika watoto watatu njiani mwaka 1996, tulipotoka Kivu, mimi nikiwa wa kubebwa na mama yangu. Mmoja kwa kuhara, wawili hajui kwa nini. Hakuna aliyemwinulia picha dirishani akamwonyesha doa. Mtu asipoonyeshwa doa, anabaki na swali la nani.

Nikatafsiri. "Daktari anasema ni ugonjwa wa kifua, unapona. Anasema kinachofanyiwa pasa mmoja kinafanyiwa na mwenzake, na bibi anayelala na mkubwa pia. Wote watatu mpimwe, wote mpate dawa."

Daktari hakusema hivyo. Lakini ndivyo ilivyokuja kuwa: mkubwa na bibi dawa ya kutibu, mdogo dawa ya kumkinga.

Mama mkwe hakuwa mjinga. Aliweka mkono kifuani pake.

"Ni miye," alisema. "Miye nilimukula."

"Hakuna mwenye alikula, Mama. Ilivimba ndani mwako, ikazidi, ikamwagika. Yeye ndiye alikuwa karibu."

"Na ile nyota ndogo?"

"Ilikuwa pale tu."

Alinyoosha mikono. Mdogo akaenda, filamu yake ingali mdomoni, akapanda mapajani kana kwamba miguu ile haikuwahi kukunjwa. "Uzito gani huu," mama mkwe alisema, akilia. "Kweli alimeza jiwe."

Jumamosi asubuhi wale watatu walikuja. Sikupata nafasi ya kufungua kinywa. Mama mkwe alitoka mbele yangu, ameinua picha kuelekea jua.

"Munaona hapa peupe? Ndipo fasi ugonjwa iko. Mutoto mudogo haiko ndani ya hii foto."

"Na ni nani alimutumia iyo ugonjwa?" aliuliza kiongozi.

"Miye. Nimemukoholea. Kama munataka mutu wa kufungisha siku tatu, munichukue miye. Lakini kwanza nimeze dawa."

Wawili wakatazama chini. Kiongozi aliipokea ile picha. Aliigeuza, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akapitisha kidole juu ya doa. Nilingoja aseme shetani anajua kupiga picha. Nilikuwa nimeshaandaa tusi.

"Mama Mapasa," alisema kwa sauti ndogo, "hii radio, kule Mbarara wanapiga fasi gani? Mutoto wa binti yangu anakohoa pia."

Nilimwelekeza. Kwa hasira, lakini nilimwelekeza, mpaka mlango wenyewe.