Mraba wa Katikati

Jambo la kwanza unaloliona kwa mtu huyu ni mkono wake wa kulia, kwa sababu haujui kusimama. Anakata nyama, anaiweka kwenye mizani, mshale unatulia pale pale alipotaka mteja, na mambo yangepaswa kuishia hapo. Lakini mkono unarudi kwenye gogo, unakata kipande kingine cha ukubwa wa kidole gumba na kukitupa juu ya fungu. Mwenyewe hata hatazami. Ukimwuliza kwa nini, atakushangaa kana kwamba umemwuliza kwa nini anapumua. Miaka thelathini na miwili ya bucha imempa tumbo la heshima, kovu katika kila kidole isipokuwa kimoja, na jina la mtaani: Nyongeza. Hata mkewe humwita hivyo anapokasirika, yaani karibu kila siku.

Bucha lake ni chumba kimoja chenye vigae vyeupe hadi usawa wa kifua, dirisha la wavu, ndoano tano na redio inayokamata stesheni moja tu. Stesheni hiyo inapenda sana matangazo ya vifo. Nyongeza huyasikiliza kwa furaha tulivu ya mtu ambaye hajatajwa.

Kwamba mtu kama huyu alikuja kushika sindano ya kroshia, lawama ni za stuli ya jikoni kwake. Mguu mmoja wa stuli hiyo ulikuwa umelegea. Kwa miezi miwili mkewe alimwomba aukaze, na kwa miezi miwili alijibiwa, "Kesho." Jumatatu moja asubuhi mkewe alipanda juu yake ili atundike pazia. Mguu ukachomoka, na mama wa watu akatua sakafuni, mkono wa kulia ukiwa chini yake. Hospitali wakamfunga plasta kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, wakamwambia wiki sita.

Ingekuwa wiki nyingine yoyote, angelalamika kidogo kisha akapumzika. Lakini binti yao alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza, na katika ukoo wa mkewe kila binti anayezaa kwa mara ya kwanza hufumiwa blanketi la mtoto. Blanketi hilo lina miraba tisa, mitatu kwa mitatu, na kila nyumba hufuma mmoja. Minane ni ya kawaida, hata mvivu anaiweza. Wa tisa, unaokaa katikati, hufumwa kwa misokoto: kamba nene za uzi zinazopandana kama nywele zilizosukwa, zikainuka kiasi kwamba ukipitisha kiganja unazihesabu hata ukiwa umefumba macho. Mraba huo ni haki ya bibi wa mtoto. Siku ya kuikusanya miraba ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata, nyumbani kwa mama mkwe, ambaye ana miaka themanini na ushee na bado anaiunganisha miraba yote kwa mkono wake. Bibi asipoleta wa kwake, nafasi inakwenda kwa dada yake.

Na dada alikuwepo. Alikuwa tayari kabisa.

"Kapiga simu," mkewe alimwambia jioni hiyo, mkono ukiwa juu ya mto kama mgeni rasmi. "Kanipa pole. Halafu kasema nisiwe na wasiwasi, yeye ana mraba wa misokoto aliokwisha kuufuma, wa dharura. Dharura! Kaufuma tangu mimba ina miezi mitatu. Alikuwa anangoja nianguke!"

"Si anakusaidia, lakini?"

"Wewe baba, huyu ni mjukuu wangu wa kwanza. Nikae pembeni ya blanketi lake kama mtu aliyekuja kuomba chumvi? Mtoto atakua, ataoa, na dada bado atakuwa anasema, 'Ule wa katikati ni wangu, maskini mdogo wangu hakuweza.' Mkono huu nani kauvunja?"

"Stuli."

"Nani?"

"Mimi," alisema Nyongeza.

"Basi lete wako."

Hivyo ndivyo masomo yalivyoanza, kesho yake saa nane mchana, ule wakati ambao nzi na wateja wote wamelala. Mkewe alikaa juu ya kreti mbele yake, nyuma ya kaunta iliyosuguliwa kwa sabuni mara mbili. Uzi wa sufu wa rangi ya maziwa ulikuwa ndani ya sufuria safi, usiguse kitu. Nyongeza aliishika sindano kama mtu aliyeshikishwa kitoto cha njiwa.

Kufuma nguzo za kawaida, yale mafundo marefu ya uzi yanayosimama wima mstarini, alijifunza siku hiyo hiyo. Kazi ilikuwa kwenye msokoto.

"Sikiliza. Unaruka nguzo mbili. Unakwenda kwenye ya tatu na ya nne, unazifuma hizo kwanza. Kisha unarudi kwa zile mbili ulizoziruka, unapita mbele ya hizi. Ndivyo zinavyopandana. Na nguzo hizo hazishikwi kichwani. Unapitisha sindano nyuma ya shingo."

"Shingo?" Nyongeza akainua macho. "Sasa ndiyo unaongea. Ungesema hivyo tangu mwanzo."

Tangu hapo hakukosea shingo hata moja. Kosa lilikuja kwingine. Miaka thelathini na miwili amekuwa akifunga mafurushi ya nyama kwa uzi, na kila baada ya fundo hukaza ili damu isivuje. Basi na sufu aliikaza. Alhamisi jioni alimaliza mraba wake wa kwanza, na mkewe akausimamisha juu ya kaunta. Ukasimama wenyewe, wima, bila kuegemea.

"Hongera," mkewe alisema. "Umefuma kigae."

"Si umetulia lakini?"

"Mtoto utamfunika au utamjengea choo?"

Uzi ulifumuliwa. Nyongeza alijitahidi kulegeza vidole, lakini vidole vilikuwa na akili yao. Ijumaa asubuhi akaamua kuacha kubishana navyo. Alichukua mfupa wa ndama, akauchemsha, akaukata kwa msumeno, kisha akausugua kwa jiwe la kunolea mpaka akapata sindano nene kama kidole chake cha mwisho, na kulabu safi kichwani. Kwa sindano hiyo, hata alipokaza, uzi ulibaki na nafasi ya kupumua. Mkewe aliipapasa kwa mkono wa kushoto, na siku hiyo hakumwita Nyongeza hata mara moja.

Mraba wa pili ulikwenda vizuri mpaka Jumamosi mchana, alipoingia mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mteja wa maini wa miaka mingi. Akasimama, akavaa miwani, akainama juu ya kazi.

"Hiki ni nini, ndugu yangu?"

"Mraba, mwalimu."

"Aa." Mwalimu akahesabu kwa ncha ya kalamu, bila kugusa. "Mstari wa kwanza una nguzo ishirini na nne. Huu wa kumi na mbili una thelathini na tano. Katika vitabu nilivyofundishia, umbo hili lina jina, lakini si mraba."

Mkewe akausogelea. Kweli, chini ulikuwa mwembamba na juu ulikuwa na mabega. "Unapofika mwisho wa mstari unafanya nini?"

"Nafika mwisho."

"Halafu?"

Nyongeza akautazama mkono wake wa kulia. Mwalimu naye akautazama. Hakuna aliyehitaji kumaliza. Kila mstari ulipotimia, mkono ulikuwa umeongeza nguzo moja ya bure, kwa ukarimu ule ule, bila kumwuliza mwenyewe.

"Toba!" mkewe akasema. "Hata uzi unaupimia mteja!"

Wakafumua tena. Zimebaki siku nane, na mkono hauambiliki. Walijaribu kumhesabia kwa sauti. Walijaribu kumpiga gotini kwa plasta ya mkewe kila mstari unapoisha, plasta ikaanza kupata nyufa. Mwishowe Nyongeza mwenyewe aligundua dawa. Alimweka paka wa bucha mlangoni. Kila mstari ulipofika nguzo ya ishirini na nne, aliweka sindano chini, akakata kipande cha mafuta, akamtupia paka, akanawa mikono, akaanza mstari mpya. Mkono ulikuwa umeshatoa chake, ukatulia. Ijumaa iliyofuata mraba ulikamilika: pande nne sawa, shubiri moja na vidole viwili kila upande, misokoto mitatu imesimama katikati. Paka alikuwa hawezi tena kupita chini ya mlango.

Jumapili, Nyongeza alisimama mlangoni kwa mama mkwe na mfuko wa nyama mkononi. Ndipo mahali pake. Miaka thelathini ya ndoa amekuwa akisema shikamoo kutoka hapo, akikabidhi mfuko na kukumbuka shughuli ya haraka. Mama mkwe si mkali. Ana macho tu, na hayo yanatosha.

Miraba minane ilikuwa imepangwa mezani. Mkewe akaweka wa tisa katikati.

Dada yake aliuchukua kwanza. Ni mwanamke mrefu, karani mstaafu, hushika kila kitu kama anayetafuta sahihi iliyoghushiwa. Akaugeuza, akaunyoosha, akaupima kwa wake.

"Umenunua wapi, mdogo wangu?"

"Umefumwa nyumbani."

"Na nani? Wewe mkono ni wa saruji."

"Na mume wangu."

Dada akacheka mpaka akakaa. "Shemeji? Huyu anayefunga nyama kwa gazeti?"

"Muulize mwalimu! Waulize wateja, wameona kwa macho yao!"

"Wateja wake? Hao wanaopewa vipande vya bure? Wataapa hata kwamba kamfuma ng'ombe mzima na pembe zake. Mama, hii si haki. Kama tunaruhusu ya kununua, basi twendeni dukani tununue blanketi zima, tukalale."

Mama mkwe akanyoosha mkono. Akapewa mraba. Hakuutazama sana, aliupapasa kwa kidole gumba, msokoto mmoja mmoja, kisha akaupeleka puani.

"Una harufu ya mafuta," alisema.

"Ndiyo, mama," dada alidakia. "Fundi aliyelipwa alikuwa anakula."

"Nyamaza kidogo, mwanangu." Macho yakainuka, yakasafiri hadi mlangoni, yakamkuta Nyongeza kabla hajakumbuka shughuli yake. "Baba, wewe ndiye uliyefuma?"

"Ndimi, mama."

"Jumamosi uje unifumie mistari minne hapa nikiona. Wa nne uwe wa kuvuka, pale nguzo zinapopandana. Ukiweza, mraba unabaki katikati, na asiniletee mtu maneno tena. Ukishindwa, wa dada yenu unaingia."

Wiki hiyo Nyongeza alikata nyama vibaya. Alimpa mjane mmoja mbavu badala ya paja, na mjane akarudi kushukuru. Alifanya mazoezi kila mchana, na kila mchana alifuma vizuri, jambo ambalo halikumsaidia, kwa sababu bucha si sebule ya mama mkwe. Kulikuwa na siku alitamani akatae. Lakini nyumbani alimkuta mkewe akijaribu kufunga vifungo vya gauni kwa mkono mmoja, bila kumlaumu mtu. Angemlaumu, ingekuwa nafuu. Akamfunga vile vifungo, kisha akarudi kwenye uzi.

Jumamosi alitundika kipande cha boksi mlangoni: LEO TUNAFUNGA SAA SITA. MWENYE BUCHA ANA MTIHANI. Lilikuwa kosa. Saa tisa, alipofika kwa mama mkwe akiwa na shati alilovaa siku ya ndoa ya binti yake, wateja kumi na mmoja walikuwa wamesimama nje ya dirisha, mwalimu mbele yao na kalamu mfukoni. Paka hakualikwa.

Kwa mara ya kwanza Nyongeza aliketi katika sebule ile. Kiti kilimlalamikia. Dada alidai mkewe akae nyuma yake, karibu na mlango wa jikoni, asije akampa ishara kwa nyusi. Mkewe akakaa huko, akiuma kona ya kitambaa. Binti yao alikuwa amelazwa kwenye kochi kwa mito mitatu, miguu juu.

"Baba, fanya haraka," alisema, mkono tumboni. "Na huyu anataka kuona, ananipiga mateke."

"Mwambie atulie, mama. Mimi nawaza."

Mstari wa kwanza ulikwenda. Mwishoni mkono wake wa kulia ulitaka kuongeza chake, akaukalia. Wateja wakanong'ona. Mstari wa pili ukaenda, dada akauhesabu kwa sauti mara mbili, akapata ishirini na nne mara zote mbili, akaonekana kudhulumiwa. Wa tatu ukaisha. Jasho lilikuwa likimtiririka Nyongeza hadi kwenye ukosi.

Hapo mama mkwe akavuta kiti chake. Akakivuta tena, taratibu, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. Akavaa miwani.

"Sasa," alisema, "vuka."

Nyongeza akahesabu nguzo mbili kwa ukucha, akaziruka, akaipeleka sindano kwenye shingo ya ile ya tatu. Dirishani mtu akamkanyaga mwenzake, hakuna aliyelalamika. Dada alikuwa amesimama, mraba wake wa misokoto tayari mkononi. Mstari ulipotimia nguzo ishirini na nne, mama mkwe akaupapasa msokoto kwa kidole gumba, akamwambia dada arudishe wake mkobani.