Sumaku ya Kipriani

Kipriani Ndihokubwayo alikwenda Tanga kukata mkonge akiwa kijana mwenye meno yote, akarudi baada ya miaka tisa na baiskeli, koti la mvua na sumaku. Baiskeli iliibwa Kasulu hata kabla hajafika kwao. Koti lililiwa na panya. Sumaku ndiyo iliyobaki, na kwa sumaku hiyo akajifanya bwana mkubwa wa vyuma vyote upande wa Nyakitonto.

Ilikuwa sumaku ya kawaida, aliyoibandua kwenye mashine mbovu kule kiwandani. Lakini mpe mtu aliyetoka manamba kitu ambacho wenzake hawana, uone kiburi chake. Jembe halikununuliwa kijijini mpaka Kipriani aliguse. Majembe ya mahari yalipangwa uani, naye akayapitia moja moja kama padri anayebariki, wakwe wamesimama wima wanatokwa jasho. Sufuria za aluminiamu alizitangaza kuwa za uongo, na akina mama wawili wakazitupa kweli. Hakuna aliyemuuliza alijuaje. Miaka ishirini alikuwa amewazoeza kutouliza.

Mwaka wa sabini na saba kijiji kikapata ghala la maharage. Si ghala la miti na udongo. Mihimili ilikuwa ya chuma kitupu, ikaja kwa lori la misheni pamoja na mabati. Kipriani, kwa kuwa ndiye fundi mkuu, alipanda akajaribu kupigilia bati kwenye mhimili kwa msumari wa inchi tatu. Msumari ulijikunja, kidole gumba kikavimba. Akashuka akatangaza kwamba mhimili ule bado mbichi, na kamati ya ghala ikakubali kungoja uive. Waliungoja wiki mbili.

Aliyewatoa kwenye ujinga huo alikuwa Harerimana, dereva wa lori lenyewe na fundi wa karakana ya misheni. Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, godoro kichwani. Sasa alikuwa na kazi yake na heshima yake, na alikuwa anamtaka Esteri, binti wa kwanza wa Kipriani. Esteri naye alimtaka, wala hakujificha. Kipriani hakuwa amekubali, hakuwa amekataa. Alikuwa anangoja kijana amkosee tu.

Harerimana alileta masanduku mawili ya skrubu, la kijani na jeusi, akayafungua mbele ya kamati. Moja lingebaki hapo. La pili lingekwenda Gwarama, upande wa Kibondo, kwenye ghala lingine kama hilo.

"Zote zina ncha kama ya keekee," alieleza. "Zinatoboa bati na mhimili zenyewe, hamhitaji msumari. Ila za sanduku la kijani hazishiki kutu. Hizi nyingine ni chuma cha kawaida. Mkitaka ghala la kudumu, chukueni za kijani."

Macho yote yakaenda kwa Kipriani. Akatoa sumaku mfukoni polepole, akijua anatazamwa. Skrubu za sanduku jeusi ziliirukia sita kwa mpigo. Ile ya sanduku la kijani ilishika kwa ncha tu, mwili ukaning'inia. Akaitikisa kidogo, ikaanguka mezani.

"Hii ina dini mbili," akasema. Kamati ikacheka mpaka ikakohoa.

"Mzee, ncha yake ni chuma cha kawaida ili iweze kutoboa," Harerimana alisema kwa adabu. "Ikishatoboa, kazi yake imekwisha. Kinachobaki nje kunyeshewa ni kichwa, na kichwa hicho hakishiki kutu. Sumaku haijui habari za kutu."

Hapo kicheko kikakatika. Kipriani aliona kikao kizima kinamtazama kwa namna ambayo hajawahi kutazamwa, kama mtu anayeweza kukosea. Badala ya kusema neno moja la kawaida, akaropoka. "Kijana amekuja kwetu na godoro, leo anatufundisha chuma. Haya. Kama skrubu zako za kijani ni bora kuliko hizi za sanduku jeusi nilizochagua mimi, mchukue Esteri. Kama si bora, usikanyage tena kwangu."

Dadi, mwenyekiti wa kamati, alikuwa mtu wa kupenda mambo yaandikwe kuliko yafanyike. Akamwambia katibu aandike. Esteri alikuwa mlangoni na ndoo ya maji ya wajumbe. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Harerimana akaomba kipimo cha haki. Mabakuli mawili ya maji yaliyokolezwa chumvi ya Uvinza, skrubu zisimamishwe humo kwa vichwa, ncha juu, siku saba. Mabakuli yatakaa kwa nani? Kwa Kipriani, bila shaka, maana ndiye mtu mwaminifu kuliko wote.

Siku ya tatu alfajiri Kipriani alichungulia. Za Harerimana ziling'aa vilevile kama zilivyoingia. Zake zilikuwa zimeota wekundu vichwani, na maji yamekuwa rangi ya chai ya kuchacha. Alijiambia ni vumbi. Mtu ambaye hajawahi kuosha hata kikombe chake mwenyewe akachukua majivu na gunzi, akachuchumaa nyuma ya jiko, akasugua kichwa kimoja kimoja mpaka mikono ikamwuma, kisha akatia maji mapya na chumvi mpya. Siku ya nne akasugua. Ya tano akasugua. Ya sita akasugua huku akiwatukana waliotengeneza skrubu, walioleta lori, na Warundi wote kwa jumla.

Siku ya saba usingizi ukamshinda. Alipotoka mbio nyuma ya jiko, jua limeshatoka, alimkuta mkewe Epifania amechuchumaa palepale, gunzi mkononi.

"Unafanya nini, Mama Esteri?"

"Ninachofanya siku zote."

"Siku zote zipi?"

Epifania hakuinua macho. "Jembe ulilolisifu kwa jirani likavunjika wiki ileile, nani alimpelekea la kwetu? Hao uliowatupisha sufuria, wanapikia za nani mpaka leo? Wewe unasema, mimi nafuta. Ila hili ni la Esteri, Baba Esteri. Nilijiambia silifanyi. Nimeamka, nimekuta umelala, mikono imeanza yenyewe kwa mazoea."

Akazipanga skrubu bakulini, akanawa, akaenda kuwasha moto. Kipriani alibaki amesimama na aibu ya mtu aliyedhani nyumba yake inamheshimu, kumbe inamhurumia.

Saa tatu mabakuli yakawekwa mbele ya kamati. Skrubu zote ziling'aa, za huku na za huku. Dadi akafurahi. Kwa kuwa kwenye kutu wamelingana, akasema, basi neno la sumaku ndilo la mwisho, na sumaku imeshasema. Wajumbe wakapiga makofi. Harerimana aliinua skrubu moja ya Kipriani, akaona majivu kwenye mikunjo yake, akairudisha bakulini.

"Zimesuguliwa," Kipriani akasema.

Wakamgeukia.

"Nimezisugua mimi, siku nne. Leo kasugua Mama Esteri. Zilikuwa nyekundu tangu siku ya tatu."

Dadi akatabasamu. "Mnaona huyu mtu? Hataki kumwaibisha kijana wa watu." Mjumbe mmoja akaongeza kwamba mwizi hajitangazi, kwa hiyo aliyejitangaza hakuiba. Wote wakaona hilo lina akili. Kipriani akarudia, safari hii kwa sauti, na Dadi akaanza kukasirika.

"Kipriani, muhtasari umeshaandikwa kwa wino. Unataka tuende wilayani tukaseme tumedanganywa na mtu wetu wenyewe? Kaa chini."

Akakaa. Katibu akasoma: za sanduku jeusi zibaki, za kijani, zilizokataliwa, ziende Gwarama leo hii, na Harerimana asikanyage tena kwa mzee, kama mzee mwenyewe alivyotamka. Harerimana akabeba sanduku lake la kijani akalipeleka garini.

Esteri hakulia. Alikwenda nyumbani, ambako si mbali, akarudi na mzigo umefungwa kwa kanga, akasimama mbele ya katibu.

"Niandike na mimi," akasema. "Nimekataliwa kikao hikihiki, na vilivyokataliwa vinakwenda Gwarama."

"Binti, wewe ni mtu, si skrubu," Dadi alimwambia.

"Sasa mbona mmeniamua pamoja nazo?"

Dadi alimtazama katibu, katibu akatazama kalamu yake. Watu wakangoja Kipriani angurume, maana ndivyo baba anavyotakiwa kufanya. Kipriani akainuka, akauchukua ule mzigo mikononi mwa binti yake, akaupandisha garini mwenyewe, akauegemeza kwenye sanduku la kijani usije ukaanguka njiani.

"Nenda, mama," akamwambia.

Lori likaondoka. Esteri aligeuka mara moja, akamtazama mama yake, aliyekuwa amemfuata kutoka nyumbani.

Asubuhi iliyofuata kamati ilimpandisha Kipriani juu ya mihimili na keekee ya mkono. Alifunga skrubu za sanduku jeusi kutwa nzima, moja baada ya nyingine, akijua kila tundu analotoboa litavuja masika ya pili lisipovuja ya kwanza. Chini yake Dadi alisimama kivulini, akimsifu kwa sauti kila moja iliyoingia.