Kilohezi Tatu Pembeni ya Sitini

Kuna watu wakizeeka hupungua, na kuna wanaozidi. Bwana Sitini alizidi. Sauti ilizidi kunguruma, nywele za masikioni zilizidi kurefuka, na ubishi wake ulifika mahali ungeweza kuchemshia maji. Kilichopungua ni macho tu. Na mtu mwenye redio kama yake, akikosa macho, ni kinyozi aliyekatwa mikono.

Ninyi mliozaliwa na simu mfukoni mnadhani redio ni ya kusikilizia taarifa ya habari na mpira. Ile yake ilikuwa ya kusema na kujibiwa. Ilikaa juu ya meza ya mbao katika chumba cha nyuma, nzito kama jiwe la kusagia, ndani ina valvu za kioo zinazowaka kama makaa, na dirishani ulitoka waya mrefu uliofungwa kwenye nguzo ya jirani. Kwa waya huo Bwana Sitini alizungumza na watu wenye leseni kama yake, mji kwa mji na nchi kwa nchi, bila kampuni yoyote ya simu kumkatia salio. Miaka thelathini na moja alikuwa fundi mitambo wa shirika la simu, na siku alipostaafu alisema kwamba sasa ndiyo anaanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuita majina. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, wenzake walimngojea mahali pamoja hewani, kilohezi elfu saba na sitini. Kwa kifupi walipaita "sitini", na yeye wakamwita kwa namba hiyo. Aliita majina moja moja, kila mtu akaitika na kusema habari za kwake. Waliokufa nao waliitwa, kisha kila jina likaachiwa pumzi tatu za kimya. Zamani walikuwa kumi na wanne. Sasa walioitika walikuwa watano, na kimya kilikuwa kirefu kuliko mazungumzo.

Lakini kuna jina moja ambalo hakuliita, na mwenyewe hakuwa amekufa. Lilikuwa la shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, naye mwenye redio na leseni.

Mkewe alifariki Jumamosi, saa nne na dakika chache, kitandani katika chumba cha mbele, wakati Bwana Sitini yuko chumba cha nyuma anaita majina. Siku ya maziko shemeji alisimama mbele ya watu wote akasema, "Dada yangu amekata roho, mume wake kavaa manyaunyau yake ya redio masikioni." Kisha akapanda basi, akarudi kwao, safari ya siku mbili.

Baada ya wiki mbili shemeji alijuta. Akamtumia ujumbe binti wa Bwana Sitini, wakati huo msichana wa shule: "Mwambie baba yako Jumamosi nitamwita redioni, pale sitini, baada ya majina. Nataka kumwomba radhi." Binti akafikisha. Bwana Sitini akakaa mbele ya redio Jumamosi tatu mfululizo, kavaa shati safi kana kwamba mtu ataingia mlangoni. Hakusikia kitu.

"Amenifanyia dhihaka," akasema.

Na kule, shemeji naye akamwambia mpwa wake kwa simu: "Nimemwita baba yako mara tatu. Kaninyamazia."

"Mwongo!" akanguruma Bwana Sitini alipoambiwa. "Nilikuwepo. Mimi nikisema sitini ni sitini, mshale wangu haukosei hata unywele."

Miaka kumi na tisa ikapita juu ya maneno hayo mawili. Kila mmoja na simu yake mfukoni, na kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Sasa turudi kwenye macho. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwenda hakirudi. Redio ile ilikuwa na kioo chenye mwanga wa njano, mstari wa namba, na mshale mwembamba mwekundu uliovutwa na uzi. Ukizungusha kitufe, uzi unazunguka vigurudumu vya ndani na mshale unatembea juu ya namba. Bwana Sitini alianza kuusogelea mshale kwa miwani, kisha kwa lenzi, kisha kwa pua. Jumamosi moja alikaa dakika ishirini akitafuta mahali pake huku wenzake wanamngoja, jasho linamtoka kama mwanafunzi aliyesahau shairi.

Binti yake, ambaye sasa alikuwa fundi simu mwenye meza yake mjini, alimtazama akiwa mlangoni.

"Baba, nikutilie kioo cha namba."

"Cha nini?"

"Namba kubwa nyekundu. Utaziona hata ukiwa kitandani. Zitakwambia ulipo bila kuhitaji mshale."

"Redio hii ina miaka hamsini. Unataka kumtia bibi kizee wanja?"

"Bibi kizee hataki wanja, anataka miwani. Na wewe unataka kuendelea kuita majina au unataka kumwachia Daktari wa Meno?"

Daktari wa Meno alikuwa mmoja wa wale watano, mtu mpole, anayeongea polepole kama bado ana mkono kinywani mwa mgonjwa. Kumwachia yeye majina! Bwana Sitini akavuta kiti.

"Shika tochi," akasema.

Kazi iliwachukua Jumatano nzima, kuanzia asubuhi mpaka jua likaingia dirishani. Si kazi ya kubandika saa ukutani. Redio za zamani hazisemi zilipo moja kwa moja. Ndani yake kuna mtetemo mmoja mdogo unaochanganywa na mwingine, na kihesabu cha kioo kipya kinapima ule wa ndani tu. Fundi ndiye anayekiambia kijumlishe kiasi gani ili kipate namba ya hewani. Ukikosea kujumlisha, kioo kitakudanganya kwa uso mkavu. Binti alichomelea waya mwembamba kwa risasi penye ule mtetemo kwa mkono mwepesi, na baba akawa anamwelekeza kwa kukumbuka, kwa vidole, kwa kunusa.

"Hapo kuna umeme wa volti mia tatu, mama. Ukigusa utanitangulia mbele ya haki."

"Nimechomoa plagi, baba."

"Umeme wa zamani hauna habari na plagi. Unajificha kwenye kapasita unakungoja."

Walipowasha, namba zikajitokeza, nyekundu, nene kama vidole. Bwana Sitini akacheka kwa sauti, maana alikuwa hajaona kitu waziwazi namna ile kwa miezi mingi. Akashika lenzi, akaupeleka mshale mpaka kwenye sitini yake, pale palipokwanguka rangi kwa miaka ya kupatazama.

Kioo kikasema: 7063.2.

"Umekosea kujumlisha," akasema.

"Sijakosea."

"Umekosea. Kilohezi tatu na kidogo. Rudia hesabu."

Binti akarudia kwenye karatasi. Akarudia tena kwenye simu. Jibu likawa lile lile.

"Basi mashine yako ni ya soko la Jumapili."

"Baba, ninyi mlikuwa mnapimaje zamani?"

Hilo alilijua hata usingizini. Mashirika ya matangazo, alisema, hayakosei. Mitambo yao inakaa kwenye kilohezi za tano tano, kamili, kama wanajeshi kwenye mstari. Mtafute mmoja, ujue umesimama wapi. Binti akazungusha kitufe juu ya bendi mpaka mtangazaji mmoja akaingia akisoma bei za kahawa za dunia. Kioo kikasema 7205.0. Akampa baba yake lenzi.

Bwana Sitini akauinamia mshale. Akauinamia kwa muda mrefu. Ulikuwa umesimama kidogo tu kabla ya elfu saba mia mbili na mbili.

"Mshale," akasema taratibu. "Ni mshale."

Akakaa. Yule mtu wa kahawa aliendelea na bei zake mpaka akazimwa.

Kisha ikamjia. Siku ya tatu baada ya maziko aliingia chumba kile, akakishika kile kitufe akakizungusha kwa hasira kama anayemnyonga kuku, na uzi ukakatika. Aliufunga uzi mpya siku ile ile, machozi yanamdondokea kwenye vigurudumu, akaubana mshale juu yake kwa kukisia. Fundi yeyote anajua kwamba ukibadili uzi lazima uupime mshale upya. Hata mwanafunzi wa wiki moja anajua. Alisema jicho lake ndilo kipimo, akawasha, akaita majina. Na wenzake wakaitika. Angejuaje?

"Lakini waliitika," akamwambia binti yake. "Jumamosi ile ile waliitika wote. Kama mimi nilikuwa pembeni, wao walikuwa wapi?"

"Walikufuata, baba."

Akakumbuka jinsi alivyowakemea. Mara ngapi! "Daktari, umetoka nje ya mstari, rekebisha redio yako!" Na Daktari wa Meno, mwenye redio mpya ya namba, aliyejua alipo mpaka sehemu ya mia, akijibu kwa upole, "Samahani, mwalimu, nasogea."

"Na mjomba wako?" akauliza, ingawa jibu alikuwa nalo. Redio ya shemeji ilikuwa imefungiwa mahali pamoja kwa kipande cha fuwele, haina pa kwenda. Ni sitini au kimya. Na redio nzuri hubana. Kilohezi tatu pembeni humsikii mtu, unasikia mchakacho tu.

"Mjomba aliniambia siku zile alisikia kitu kama bata wanagombana mbali," binti akasema. "Akadhani ni hali ya hewa. Aliwaita, bata wakaendelea kugombana."

Bwana Sitini alifunika uso kwa mikono yake miwili mikubwa. "Nimemwita mwongo miaka kumi na tisa," akasema.

"Na yeye amesema ulimnyamazia."

"Yeye hakuwa na kosa. Mpigie. Mwambie Jumamosi nitakuwepo. Sitini ya kweli. Mimi nikimpigia atakata, na ana haki."

Binti akapiga. Mjomba alisikiliza, akasema redio ile iko chini ya kitanda na hajui kama itawaka. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Jumamosi ilipofika Bwana Sitini alianza palepale walipomzoea, kwenye sitini na tatu. Hakuita jina hata moja.

"Wenzangu," alisema, "kioo kinaniambia niko kilohezi tatu nukta mbili nje. Tangu mke wangu alipofariki. Mlijua?"

Hewa ilichakacha. Daktari wa Meno ndiye aliyeitika.

"Tulijua, mwalimu."

"Mkacheka?"

"Mara ya kwanza tulicheka kidogo. Ulikuwa umetoka kuzika. Tukasema tumwache wiki moja atulie. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, halafu ikawa aibu kusema. Tukaona ni rahisi zaidi sisi kusogea."

"Adabu yenu imenigharimu," akasema Bwana Sitini, na mwenyewe akasikia kwamba ni sauti ya kukemea tena. Akaanza upya. "Hapana. Kosa ni langu. Niliwakemea kwa kosa langu, nanyi mkaitika. Leo naomba nisiite majina. Kuna mtu nataka kumtafuta kule chini."

"Nenda, mwalimu," akasema Daktari. "Sisi tutakaa kimya."

Akazungusha kitufe. Namba nyekundu zikashuka, sitini na mbili, sitini na moja, zikatua: 7060.0. Mahali alipokuwa akijigamba anakaa, na hakuwa amepakanyaga kwa miaka kumi na tisa.

Akamwita shemeji kwa jina. Mchakacho. Akaita tena. Binti alisimama nyuma yake, mkono umeshika kiti. Akaita mara ya tatu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake sauti ile haikunguruma.

"Nakusikia," ikasema sauti nyembamba, ya mzee, kutoka mbali sana. "Umechelewa."

"Nilikuwa pembeni, shemeji. Mshale wangu ulikuwa mbovu."

"Nimeambiwa. Nilikuita Jumamosi tatu."

"Sasa najua. Nisamehe nilivyokuita mwongo."

"Ya nne sikuita."

"Ulichoka?"

"Niliogopa ungeitika. Yale niliyoyasema kaburini, sikujua ningeanzia wapi."

Bwana Sitini alibana kipaza sauti mpaka kikalia. Kuna jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata binti yake aliyesimama pale, kwa sababu siku ya maziko alipoona watu wote wanamtazama, kiburi kilimwambia kujitetea ni aibu.

"Shemeji, asubuhi ile nilitaka kukaa naye. Nilishazima redio. Dada yako akasema niende nikaite majina, niache milango wazi. Alisema akinisikia nanguruma chumba cha pili anajua nipo, na hataki kuniona nikimtazama. Nilikwenda kwa sababu aliniomba. Niliita majina mpaka jina la tisa, ndipo mpwa wako akaja kunivuta shati."

Akaachia kitufe cha kusemea. Binti alikuwa ameketi sakafuni. Hewa ilichakacha, ikapwa, ikajaa tena, na hakuna hata mmoja wa wale watano, ambao wote bila shaka walikuwa wameshashuka kusikiliza, aliyethubutu kubonyeza.

Kisha sauti ya mzee ikarudi, imekwaruza.

"Rudia, shemeji. Sikupata yote."

Namba zilikuwa zimetulia, ishara ilikuwa safi, na Bwana Sitini alijua kabisa kwamba yote yalifika. Akavuta kiti karibu na meza, akabonyeza, akaanza tena kisa chake, tangu pale alipozima redio asubuhi ile.